Wanawake Ishirini na Wanne na Makafi Yao

Kwa miaka mingi mwanamke aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani aliondoka hospitali na maagizo ambayo twaweza kuyafupisha hivi: mkono wa upande ule usiuchoshe. Usinyanyue ndoo, usimbebe mtoto kwa mkono huo, usilime, usitwange, wala usicheze mchezo wowote unaorudiarudia mwendo wa bega. Maagizo hayo hayakutolewa kwa ukali bali kwa huruma, na walioyatoa walikuwa madaktari wenye elimu. Yafaa tueleze kwanza sababu yake, ndugu wasomaji, maana asiyeijua hataona ajabu ya jambo lililofanyika katika mji wa Vancouver, nchi ya Kanada, mwaka 1996.

Katika mwili wa mwanadamu, mbali na mishipa ya damu, mna mirija mingine myembamba sana ichukuayo maji yaitwayo limfu. Maji hayo hutoka katika nyama ya mwili na kurudishwa katika damu, na njiani hupita katika vitezi vidogo ambavyo sisi huvitambua vinapovimba, tukaviita mitoki. Vitezi vya kwapani ndivyo vipokeavyo maji ya mkono, na ndivyo ambavyo saratani ya titi aghalabu huvifikia kwanza. Kwa hiyo daktari akatapo titi, mara nyingi huondoa na baadhi ya vitezi hivyo, au vyote, na pengine mahali hapo huchomwa kwa mionzi. Basi maji ya mkono hukosa njia yake ya zamani. Kwa wengine hupata njia nyingine. Kwa wengine hujikusanya, na mkono ukavimba na kuwa mzito, ngozi ikakaza, pete haivuliki, mkono wa kanzu haupiti. Uvimbe huo waweza kutokea upesi, waweza pia kutokea baada ya miaka, na ukikaa sana ni vigumu kuuondoa. Madaktari wakafikiri hivi: kazi nyingi huleta damu nyingi mkononi, damu nyingi huleta maji mengi, na maji mengi yasiyo na njia huleta uvimbe, kwa hiyo mkono na upumzike. Hoja hiyo imepangika vizuri. Ilikosa jambo moja tu, nalo ni kupimwa.

Hayo ni ya mkono. Sasa tuutazame moyo, ambao hakuna aupimaye kwa utepe.

Mwanamke huyu amepita katika safari ndefu. Amekatwa, amepewa dawa zilizomwangusha nywele na kumtapisha, pengine amechomwa mionzi juma baada ya juma. Siku zile zote alikuwa na kazi moja, yaani kutibiwa, na watu walimzunguka. Kisha huja siku ya mwisho ya dawa. Daktari humwambia arudi baada ya miezi kadhaa, majirani husema, “Mungu ashukuriwe, umepona,” na kila mtu hurudi shambani kwake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wako wengi waelezao kwamba huzuni kubwa haikuwashika walipokuwa kitandani, bali hapo walipoambiwa wamepona. Usiku akisikia maumivu ya mgongo hafikiri kwamba amelala vibaya. Hufikiri kwamba ugonjwa umerudi. Hujitazama katika kioo akaona mwili wa mtu mwingine. Na mchana akishika mtungi wa maji, binti yake hukimbia kuupokea: “Mama, acha, utaumia.” Binti amefanya vema. Walakini mama amesikia ndani ya neno lile kwamba yeye si mtu wa kazi tena. Akipokewa mtungi leo, jembe kesho, na mchi kesho kutwa, huishia kuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Basi huko Vancouver, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, alikuwako Daktari Don McKenzie, ambaye elimu yake ilikuwa juu ya miili ya watu wa michezo. Aliyatafakari maagizo yale ya kale, akautafuta ushahidi wake, asiuone wa kutosha. Tena alijua kwamba misuli ikikazwa na kulegezwa huisukuma limfu katika mirija yake, na kwamba mkono usiotumika hudhoofika na bega lake hukakamaa. Akaazimu kulipima jambo lenyewe, na kulipima kwa mchezo ambao hakuna atakayesema kwamba ni mwepesi kwa mabega.

Mchezo aliouchagua ni mashindano ya mashua za joka. Msomaji asishtuke kwa jina hilo akidhani ni joka la Ufunuo; kwa Wachina joka ni mnyama wa maji na mvua, mwenye heri, na kichwa chake huchongwa na kutiwa rangi kikawekwa mbele ya mashua. Wachina husimulia kwamba desturi hiyo yatokana na Qu Yuan, mshairi aliyejitosa mtoni zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa uchungu wa nchi yake, na watu waliompenda wakazikimbilia mashua zao waende kumwopoa, wakipiga ngoma. Hawakumpata. Lakini kila mwaka, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa hesabu yao, watu hushindana kwa mashua. Chombo chenyewe ni chembamba na kirefu, kadiri ya mita 12. Wavuta kafi ni 20, wawili wawili katika mabao kumi; mbele huketi mpiga ngoma, uso wake ukiwaelekea wenzake; nyuma husimama mshika usukani. Kafi si kasia. Halifungwi ubavuni mwa chombo, bali hushikwa kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wavuvi wetu katika mtumbwi, likachomwa majini mbele na kuvutwa nyuma, tena na tena, pasipo nafasi ya kupumua kwa raha. Mashua za namna hii zilifika Vancouver kutoka Hong Kong kwa ajili ya Maonyesho makubwa ya mwaka 1986, na tangu hapo mji ule ukazoea mashindano yake ya mwezi wa Juni.

McKenzie akatangaza kwamba anawataka wanawake waliougua saratani ya titi. Wakapatikana 24. Kwanza hawakupelekwa majini. Walifundishwa kujinyosha na kunyanyua vyuma, kidogo kidogo, kwa majuma mengi, na mikono yao ikachunguzwa. Kisha wakaingia katika mashua, wakajifunza kuvuta kafi kwa kufuata mpigo mmoja, na mwezi wa Juni wakashindana pamoja na watu wengine wasiougua. Chama chao wakakiita Abreast in a Boat, jina lenye mchezo wa maneno, kwa kuwa kwa Kiingereza lataja titi, na papo hapo lataja watu wanaokwenda bega kwa bega. Msimu ulipokwisha, hapakuwa na hata mmoja aliyepata uvimbe mpya, na wale waliokuwa na uvimbe tangu mwanzo haukuwazidi. Daktari akaiandika habari hiyo mwaka 1998 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada.

Najua kwamba walimu wenzangu wa hesabu watanung'unika hapa. Wanawake 24 ni wachache. Tena walijitoa wenyewe, na hapakuwa na kundi jingine la kuwalinganisha. Wana haki. Kwa sababu hiyo nafurahi kwamba wengine walilipima jambo hili kwa utaratibu mkali zaidi. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Waligawanywa kwa kura. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa juma kwa muda wa mwaka, wakianza na vyepesi, chini ya mwalimu, wakivaa soksi ya mkono ya kubana. Nusu wakaendelea kama walivyozoea. Wanyanyuaji hawakuvimba kuliko wenzao. Na ule ugonjwa wa mkono uliwapanda kwa ghafula 14 katika kila mia ya wanyanyuaji, lakini 29 katika kila mia ya wale waliokaa. Msomaji aitafakari hesabu hiyo pamoja na maagizo niliyoyataja mwanzo. Angalia pia masharti yake: kuanza na vyepesi, kuongeza polepole, kuwa na mwalimu. Hakuna aliyethibitisha kwamba mwanamke aondoke kitanda cha hospitali leo na kutwanga gunia la mahindi kesho.

Haya yote yangalitosha kuwa habari njema ya mkono. Lakini katika Vancouver lilitokea jambo jingine. Msimu ule wa kwanza ulikuwa jaribio la daktari, nalo likaisha, wanawake hawakuisha. Walitaka kuendelea, wakaendelea, wakawaita wengine, na miji mingine ikaunda vikundi vyake. Sasa vikundi vya namna hiyo ni zaidi ya 200 katika nchi zaidi ya 30, navyo vina baraza lao la dunia lililoundwa mwaka 2010. Hakuna dawa ya hospitali ambayo watu huililia hivyo waongezewe.

Watafiti wa Kanada waliowahoji wavuta kafi waliwauliza kwa nini. Wengi walijibu kwamba hawakupenda kukaa katika duara la viti na kusimulia ugonjwa wao mbele ya wageni. Katika mashua hakuna wa kusimulia. Aliye mbele yako humwoni uso; wamwona mgongo, nawe wajua bila kuambiwa kwamba mgongo ule umepita mlepita wewe. Mpigo ni mmoja: mmoja akigeuza kichwa kutazama pembeni, makafi hugongana na wote huloa. Kwa hiyo kwa muda ule hapana nafasi ya kuwaza juu ya matokeo ya kipimo cha juma lijalo. Na wakirudi pwani, hupatikana mizaha juu ya nywele za bandia na matiti ya bandia ambayo mume au dada hathubutu kuitamka, wala haifai aitamke. Tena mwili ule uliokuwa umewasaliti, sasa huwafanyia kazi nzito wakaiona kwa macho, mashua ikienda. Nadhani hapo ndipo penye nguvu ya mchezo huu kuliko maneno mengi ya kufariji. Mtu hawezi kushawishiwa kwa hotuba kwamba ana nguvu. Lakini akitoka majini amechoka kwa halali, hujua.

Hapa yafaa nimtaje mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi, Robert Vallerand wa Montreal, nchi iyo hiyo ya Kanada. Yeye na wenzake waliandika mwaka 2003 juu ya shauku, yaani jambo ambalo mtu hulipenda, huliona kuwa la maana, na hulitolea wakati na nguvu zake, hata likawa sehemu ya jibu akiulizwa, “Wewe ni nani?” Shauku si sawa na mazoezi ya kuandikiwa. Mwanamke aliyeambiwa na muuguzi, “Tembea nusu saa kila siku,” hutembea juma la kwanza, na juma la tatu mvua humpa udhuru. Mwenye shauku hutazama mawingu tangu usiku akiomba mvua isinyeshe. Huyo wa pili ana kesho. Saratani humwondolea mtu kesho hata kabla ya kumwua, nami naona kwamba huu ndio wizi wake mkubwa.

Lakini Vallerand alipambanua shauku mbili. Iko ile ambayo mtu ameichagua kwa hiari, nayo hupatana na mambo mengine ya maisha yake: hucheza, kisha huacha, akaenda kupika au kusali au kulala, asiwaze. Na iko ile imtawalayo mwenyewe, asiyeweza kuiacha hata ikimdhuru, kwa kuwa ameitundikia heshima yake yote. Ya kwanza huambatana na furaha. Ya pili mara nyingi huambatana na aibu na wasiwasi kila mtu azuiwapo. Kwa mtu aliyepona saratani tofauti hii si ya vitabuni. Mwenye shauku ya kutawaliwa atavuta kafi na mkono umewaka moto, asimwambie daktari asije akakatazwa. Na ugonjwa ukirudi, asiweze kuingia mashuani, ataona kwamba amekufa mara mbili. Yule wa shauku ya upatano atahuzunika, ndiyo, kisha atakwenda kuketi kwenye ngoma, au pwani na chai ya wenzake, akiwa bado mtu wa mashua.

Maana ugonjwa hurudi kwa baadhi yao. Hili haliwezi kufichwa katika chama ambacho sharti la kuingia ni kuwa umeugua saratani. Nafasi huachwa wazi katika bao, na anayekaa nyuma yake huuona ule mgongo haupo. Sitamlaumu mwanamke yeyote ambaye kwa sababu hiyo angechagua kushona nguo nyumbani badala ya kujifungamanisha na watu ambao huenda akawazika. Waliobaki wameweka desturi. Mwisho wa mashindano yao mashua hukusanyika pamoja katikati ya maji, huunganishwa kwa mikono, ubavu kwa ubavu, ngoma hunyamaza, na kila mmoja hutupa ua la rangi ya waridi majini kwa ajili ya waliokufa na kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 2018 walifanya hivyo Florence, katika nchi ya Italia, juu ya mto Arno, na maelfu ya wavuta kafi walikuwako kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka 2023 walikutana katika ziwa Karapiro, Nyuzilandi. Baada ya maua hushika makafi tena, kwa kuwa mashua sharti zirudishwe pwani.

Habari hii imegusa na nchi yetu. Wanawake waliopona saratani ya titi wamepanda Kilimanjaro, ambao kilele chake ni mita 5,895, na mwaka 2010 Shaunna Burke na Catherine Sabiston, watafiti wa Kanada, waliandika juu ya hali ya mioyo ya baadhi yao walipokuwa wakipanda. Nimeutaja mlima ili tu nionyeshe kwamba si lazima pawe na mashua. Wala si lazima pawe na mlima, maana fedha ya safari ile ingewasomesha watoto wengi.

Katika nyumba zetu yako mambo ambayo wanawake huyapenda kwa moyo wa namna hii, wala hatuyaiti kwa jina kubwa la shauku. Namjua mama asukaye ukili wa mikeka ya rangi nne, ambaye mtu akimkatiza katikati ya hesabu ya mshono hujibiwa kwa jicho. Wako wenye bustani za maua ambayo hayauzwi wala hayaliwi. Wako waimbaji wa kwaya waendao mwendo wa saa mbili kwa miguu kufanya mazoezi ya wimbo mmoja. Wako wenye kudarizi, wenye kufuga njiwa, wenye kuogelea pwani alfajiri pamoja na mashoga zao. Mgonjwa wa jana alikuwa na jambo lake mojawapo kabla ya kuugua, au alitamani kuwa nalo asipate nafasi kwa sababu ya kulea. Basi waume, watoto, na walimu wa darasa la akina mama, mwulizeni ni lipi. Msimchagulie. Mume amwandikishaye mkewe kwaya asiyoipenda amempa kazi nyingine ya nyumbani. Na akisema kwamba hapendi lolote kwa sasa, mwacheni apumzike, mkamwulize tena mwezi ujao. Lakini akikaa miezi bila usingizi, bila hamu ya kula wala ya kuwaona watu, hiyo si kazi ya mikeka tena, na daktari aambiwe kama angaliambiwa juu ya kidonda.

Juu ya mtungi wa maji, namna ninayoiona inafaa ni hii. Kwanza daktari aulizwe waziwazi ni lini mkono waweza kuanza kazi, maana kidonda na mishono ina siku zake. Akiisha kuruhusu, mama aanze na kibuyu, si ndoo. Juma lijalo aongeze kidogo, na kila mara autazame mkono jioni. Binti akae karibu, asipokee mpaka aombwe. Aendaye bustanini avae mifuko ya mikono, kwa sababu mkono uliopungukiwa na vitezi hushindwa kupigana na uchafu uingiao kwa mwiba mdogo tu. Mkono ukianza kuwa mzito kuliko mwenzake, au bangili ikibana pasipo kunenepa, aende hospitali apimwe mapema. Na akiona wekundu unaotambaa, joto, maumivu, pamoja na homa, asingoje siku ya kliniki wala asikandwe kwa maji ya moto na jirani. Aende siku iyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, maana hiyo hutibiwa kwa dawa ya kuua vijidudu, nayo haitaki kuchelewa.